Ioniq 5 iliyotumika: SE, SEL au Limited? Nimeziendesha zote tatu na bado sijaamua

Mama Nuru

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi, maana muuzaji amekubali kunishikia gari mpaka siku hiyo tu, na mimi nikinunua gari nakaa nalo miaka kumi.

Nataka Hyundai Ioniq 5, gari la umeme, iliyotumika. Yadi niliyokwenda inazo tatu, zote za soko la Marekani, kwa hiyo matoleo yake ni SE, SEL na Limited. Wenye magari ya Ulaya mna majina mengine, naamini mtanielewa. SE iliyopo ni ya 2022, betri ndogo ya 58 kWh (yaani kiasi cha umeme inachobeba), mota moja nyuma. SEL ni ya 2023, betri kubwa ya 77.4 kWh, mota moja nyuma. Limited ni ya 2022, betri kubwa hiyo hiyo, ila ina mota mbili, yaani AWD, inavuta kwa magurudumu yote manne.

Matumizi yangu ni haya. Siku za kazi kama km 40 kwenda na kurudi, nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka mitatu. Kila Ijumaa jioni tunakwenda kwa mama yangu, km 170, tunarudi Jumapili. Mama ana magoti mabovu, na mara mbili kwa mwezi narudi naye kwa ajili ya kliniki. Njia ni lami nzuri, isipokuwa km 12 za mwisho ambazo ni changarawe na mashimo.

Nimeziendesha zote Jumanne, na daftari mkononi. SE ina siti za kitambaa na mlango wa buti unafungua kwa mkono. Kwa kweli ilinipendeza kuliko nilivyotarajia, skrini zake mbili kubwa ni zile zile za Limited. SEL ina siti za ngozi bandia, buti linajifungua lenyewe ukisimama nyuma na ufunguo mfukoni, na kwenye barabara kuu gari linasaidia hata kubadili njia. Limited ina paa la kioo, spika za Bose, mwendo na mishale ya njia inaonekana kwenye kioo cha mbele, na kamera zinazoonyesha gari lote kutoka juu.

Hizo kamera ndizo zilizonitoa machozi. Nilikuwa nimeweka rivasi, naangalia skrini, nikaona kandambili nyekundu kando ya tairi la nyuma kushoto. Mwanangu alikuwa amechuchumaa anaokota mawe. Kwenye vioo vya pembeni hakuwepo kabisa. Nilizima gari nikashuka, nikakaa chini pale pale naye.

Tangu hapo moyo wangu uko kwenye Limited. Muuzaji naye anasema, "Limited ina kila kitu, hakuna cha kufikiria." Lakini tofauti ya bei ni kubwa kwangu na sitaki kununua kwa hofu. Mngekuwa ninyi?

Kibwana58

Pole kwa mshtuko, dada. Mimi ninayo SE yenye betri ndogo, mwaka wa pili sasa, na naisemea kwa sababu hapa watu huidharau bila kuiendesha.

Kwa km 40 za kila siku hiyo betri ni nyingi kuliko unavyohitaji. Naichomeka mara mbili kwa wiki. Inachaji haraka sawa na zile kubwa, kwa sababu mfumo wa volti 800 uko kwenye matoleo yote: ukiwa na chaja ya 350 kW, Hyundai inasema asilimia 10 mpaka 80 ni dakika 18, na kwangu hali ya hewa ikiwa nzuri inafika karibu na hapo. Nguvu ni farasi 168. Haikurushi nyuma ya siti lakini kupita lori haikusumbui.

Sasa safari yako. Kwa km 110 kwa saa langu hula karibu kWh 20 kwa kila km 100. Km 170 ni kWh 34. Ukitoka na asilimia 90 utafika kwa mama na robo hivi. Ukiweza kulichomeka kwake kwenye soketi ya kawaida usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, Jumapili unarudi bila kusimama popote. Umeme wa kwa mama ukiwa wa uhakika, mimi ningechukua SE na pesa inayobaki ningeifanyia mambo mengine.

Mzee wa Volti

Binti yangu Mama Nuru, nimefanya kazi ya umeme miaka 31, na haya magari nimeyafungua tangu yalipoanza kufika kwenye karakana yetu. Nikuombe jambo moja: sahau kwanza hayo majina matatu. Toleo ni kifurushi cha muuzaji. Ndani yake wamefunga vitu vya aina mbili, vile ambavyo gari limezaliwa navyo na huwezi kuvibadilisha tena, na vile unavyoweza kuishi bila hivyo au kuviongeza baadaye. Vya kuzaliwa nalo ni betri, idadi ya mota, na mfumo wa joto. Anza na hivyo.

Tazama kipimo cha EPA, shirika la mazingira la Marekani, kwa magari ya 2022. SE ya betri ndogo ilipewa km 354. Betri kubwa na mota moja, km 488. Betri kubwa na mota mbili, km 412. Na hiyo 488 ilikuwa moja kwa matoleo yote ya mota moja, hata Limited. Unaona? Limited uliyoonyeshwa inatembea pungufu ya SEL kwa km 76 hivi kwenye karatasi, na wewe ungeilipia zaidi. Kilichokula umbali ni mota ya mbele. AWD ina nguvu farasi 320 na msokoto wa Nm 605, dhidi ya 225 na Nm 350 za mota moja. Wahandisi wamejitahidi, wameweka kifaa kinachoitenga mota ya mbele isizunguke bure gari likitembea taratibu, lakini uzito wake unaubeba daima.

AWD ina sababu yake mahali penye theluji, matope au mlima wa utelezi. Na kwenye magari ya Marekani ya miaka hiyo, pampu ya joto iliwekwa kwenye AWD. Hiyo huokoa umeme mwingi wakati wa baridi kali, kwa sababu badala ya kuchoma umeme kama pasi, inavuta joto la nje na la mota kuliingiza ndani. Kama unaishi penye baridi ya kugandisha, niambie, ushauri wangu utabadilika.

Sasa tairi, jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Piga magoti usome namba ubavuni. SE na SEL zina 235/55 R19. Limited ina 255/45 R20. Ile namba ya katikati ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana wake. Piga hesabu: 235 mara 0.55 ni mm 129. 255 mara 0.45 ni mm 115. Kati ya rimu ya Limited na jiwe lenye ncha kuna mpira pungufu kwa mm 14. Na wewe una km 12 za mashimo, mara mbili kila wiki.

Upana nao una gharama. Kwa betri ya 72.6 ya Ulaya ya wakati ule, mota moja, kipimo cha WLTP, yaani kipimo cha umbali cha Ulaya, kilikuwa km 481 kwa rimu za inchi 19 na km 451 kwa inchi 20. Gari ni lile lile, betri ni ile ile, na km 30 zimeliwa na rimu.

Mkuu Kibwana, hesabu yako ni sahihi. Ila mwambie pia kwamba betri inapungua uwezo kadiri miaka inavyokwenda, na yeye amesema miaka kumi.

Kibwana58

Kweli mzee, hilo nilipaswa kulisema. Na kuna upepo wa mbele na mvua pia. Siku moja ya mvua kubwa langu lilikula 24 kwa km 100.

Rehema K.

Mama Nuru, mimi ni mwenye Limited AWD ya 2022, na watoto wawili. Nitakueleza mazuri na mabaya, kwa sababu gari nalipenda kweli.

Kamera za juu ninazitumia kila siku, hilo sikufichi. Na ukiwasha indiketa, picha ya upande ule inatokea kwenye skrini mbele ya usukani, unaona pikipiki inayokuja pembeni. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiona ni mapambo. Sasa nikiendesha gari la mume wangu najikuta natafuta hiyo picha.

Maandishi ya kwenye kioo cha mbele niliyapunguza mwanga baada ya mwezi. Paa la kioo halifunguki, ni kioo tupu na pazia lake la umeme, na saa za jua kali pazia linabaki limefungwa. Soketi ya umeme iliyo chini ya siti ya nyuma ni ya Limited, na watoto wanachomeka kompyuta wakiwa njiani. Lakini ile ya nje, unayochomeka adapta kwenye tundu la kuchajia gari, inafanya kazi hata kwa SE na SEL, adapta unainunua pembeni. Mimi niliwahi kuendesha jokofu na taa za nyumba usiku kucha kwa hiyo adapta, na asubuhi betri ilikuwa imeshuka kidogo tu.

Tairi, mzee amesema kweli na mimi ni shahidi. Mwezi wa nne niliingia shimo lililofunikwa na maji, mwendo hata 50 haukufika. Tairi la mbele kulia lilipasuka ubavuni, ufa wa urefu wa kidole changu cha shahada, na rimu ikajikunja. Gari halina tairi la akiba, lina kopo la gundi na pampu, na gundi haizibi ufa wa ubavuni. Nilikaa barabarani kwa muda wa saa nne na watoto. Baada ya hapo nilinunua rimu za inchi 19 na tairi za 235/55. Zinaingia bila shida kwa sababu SE ya AWD inatoka kiwandani nazo, na kimo cha tairi zima kinatofautiana kwa mm 4 tu, mwendo unaoonyeshwa haubadiliki kwa maana. Gari limekuwa laini, siwezi kurudi kwenye 20.

Kwa hiyo ukichukua Limited, weka na bei ya rimu nne kwenye hesabu yako.

Mama Nuru

Shikamoo mzee. Ahsanteni wote, nimewasoma mara mbili mbili.

Mzee, hapa hakuna baridi ya kugandisha. Mvua tunayo, theluji hatuna. Kibwana, umeme wa kwa mama hukatika, wakati mwingine Jumamosi nzima. Siwezi kuuwekea safari ya watoto. Kwa hiyo SE ya betri ndogo nimeiondoa, ingawa kwa moyo mzito, kwa sababu nilipompeleka mama jana akazikalie zote, siti ya kitambaa ndiyo aliyoisifu. Kwenye ngozi bandia anateleza mbele akijaribu kujisogeza, na magoti ndiyo yanayomzuia. Nitamtafutia kitambaa cha kutandika.

Kitu kingine alichokipenda kipo kwenye zote: sakafu ni bapa, hakuna nundu katikati. Anaingia mlango wa nyuma, anageuka amekaa, anaivuta miguu ndani bila kuiinua.

Nimebakiza SEL na Limited, na kwa Limited nabakizwa na zile kamera tu. Mzee, haziwezi kufungwa kwenye SEL?

Mzee wa Volti

Marahaba, binti yangu. Kamera za kubandika zipo na nimewafungia watu. Zinaonyesha, lakini haziungani na skrini ya gari kama zile za kiwandani, unaongezewa kioo kingine kidogo kwenye dashibodi, na picha huunganishwa vibaya kwenye kona. Kona ndiyo mahali mtoto huchuchumaa. Sitakudanganya kwamba ni sawa.

SEL yako ina kamera ya nyuma, na ina tahadhari ya kitu kinachokatiza nyuma unaporudi, hiyo ipo mpaka kwenye SE. Lakini vihisi hivyo vimewekwa kwa ajili ya gari linalopita, si kwa ajili ya mtoto aliyetulia kando ya tairi. Hata mwenye Limited asiviamini kwa kazi hiyo.

Kabla hujalipa, fanya haya. Chukua namba ya chesisi uhakikishe gari limefanyiwa marekebisho ya ICCU. Mwaka 2024 Hyundai iliita magari ya 2022 mpaka 2024 yarudi kurekebishwa kwa ajili ya kifaa hicho, ndicho kinacholisha betri ndogo ya volti 12 kutoka kwenye betri kubwa. Kikifa, betri ndogo inakwisha na gari linaweza kupoteza nguvu barabarani. Hilo halina cha SE wala Limited. Usikubali maneno, taka karatasi.

Halafu omba kuliendesha kwenye njia yako mwenyewe. Kuzunguka mtaa dakika kumi hakukuambii kitu.

Juma_XRT

Naingilia kidogo. Mama Nuru, ukiwa na subira, magari ya 2025 yana betri kubwa ya 84 kWh, na waipa ya nyuma ambayo nyinyi wa 2022 hadi 2024 hamnayo kwenye toleo lolote. Kwenye mvua utaitamani. Mimi ninalo XRT, toleo la njia mbovu, limeinuliwa mm 23 na lina tairi za changarawe. Kwa njia ya mashimo ni raha. Lakini hoja ya mzee inasimama hata hapa: SE ya AWD ya 2025 ilipewa km 467, XRT kwa betri ile ile km 417. Km 50 zimekwenda kwenye tairi na kimo.

Mama Nuru

Ahsante Juma, ya 2025 iko nje ya uwezo wangu kwa sasa. Waipa nimeikosa kweli, jana ilinyesha.

Nimerudi na majibu. Muuzaji alikubali niende na SEL mpaka kwa mama, kijana wake akiwa pembeni na mimi nikilipia chaji. Nilikuwa nasimama kuandika, kijana wa watu alinivumilia.

Tulitoka na asilimia 92. Mwendo 105 mpaka 110, kiyoyozi kimewashwa, mvua nusu ya njia. Tulifika na 46. Kwenye zile km 12 nilikwenda polepole, nikaingia makusudi kwenye shimo ambalo gari langu la sasa hugonga. Lilisikika "tup", basi. Nilishuka kutazama tairi, halina hata mchubuko.

Wakati wa kurudi tulisimama katikati, gari likiwa na asilimia 23. Kabla ya hapo niliweka kile kituo cha chaji kwenye ramani ya gari lenyewe, kwa sababu nilisoma kwamba magari ya 2023 yalianza kupewa uwezo wa kuipasha betri joto kabla ya kufika. Chaja ilikuwa ya 150 kW. Nikaingia dukani kununua maji, nikarudi nikajibu ujumbe mbili, ikawa 68. Dakika 17 kwa saa yangu. Kijana akasema hata chai hajamaliza.

Ile ya kubadili njia yenyewe niliijaribu mara mbili nikaiacha. Inasita. Kushikilia mwendo na kukaa katikati ya njia ni nzuri sana, bega langu la kulia linalouma kila Jumapili safari hii halikuuma.

Karatasi ya ICCU nimepewa, ina tarehe na namba ya chesisi inayolingana na iliyo kwenye kioo cha mbele. Limited haikuwa nayo, na muuzaji alianza kuzungukazunguka nilipoiulizia.

Nimechukua SEL. Rehema, nilikaa sana na maneno yako kuhusu picha ya indiketa.

Rehema K.

Hongera, Mama Nuru! Umenunua kwa akili. Na kandambili nyekundu umeamuaje?

Mama Nuru

Kila asubuhi sasa tunalizunguka gari pamoja, mkono wake ndani ya wangu. Anagusa tairi moja moja na kuhesabu kwa sauti. Akifika nne ndipo ninamfungulia mlango, nafunga mkanda wake, halafu wakubwa wanaingia. Leo tulichelewa nikataka kuruka la nyuma kushoto, akakataa kuondoka.